Jiwe, maji na mizani: mwongozo kamili wa kupima kani za kitu kilichotulia

Jaribio lenyewe liko kwenye karibu kila kitabu cha fizikia cha sekondari. Pima jiwe hewani, lipime likiwa majini, kusanya maji yaliyomwagika, kisha linganisha. Linasomeka kirahisi, lakini wanaolifanya, nyumbani na darasani, wanakwama palepale: jiwe limepungua gramu 200 na maji yaliyomwagika ni gramu 160. Au jiwe limefika chini, mizani ya juu inasoma sifuri, na mtu anauliza uzito umekwenda wapi.

Kanuni ya Archimedes, kwamba maji hukisukuma kitu juu kwa kani sawa na uzito wa maji kilichoyaondoa, haina kosa, na mara nyingi mizani nayo haina. Shida ni kwamba mtu anapima kabla hajajua anapima kani ipi. Akiona jiwe limetulia, anadhani halina kani yoyote. Kumbe zipo mbili, tatu, pengine zaidi, na jiwe limetulia kwa sababu zimelingana. Kwa hiyo kila hatua hapa inaanza na karatasi, mizani inafuata.

## Vifaa

- Mizani ya dijitali ya jikoni ya kilo 5, inayosoma gramu mojamoja. Ukikosa vyote, usikose hii.
- Mizani ya springi ya maabara ya nyutoni 10, kama unaweza kuazima shuleni. Ile ya kuning'iniza mizigo ya safari haifai. Imetengenezwa kwa makumi ya kilo, na gramu chache tunazozitafuta haizioni.
- Jiwe gumu lisilo na matundu, gramu 400 hadi 600. Graniti kama ya miamba ya Mwanza ni nzuri sana. Epuka tofali na jiwe la matumbawe: yote mawili hunywa maji na kutoa mapovu, na namba zako zitakuwa zinahama kila dakika.
- Mshipi mwembamba wa kuvulia, nusu mita. Uzi wa pamba hulowa na kuongeza uzito.
- Beseni la lita 2 hivi, ndoo, na kikombe chepesi cha plastiki.
- Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, na nyingine mbili za nusu lita zenye vifuniko.
- Mrija, gundi ya kuzuia maji, mkasi, rula na maka peni.
- Mchanga mkavu, na chumvi gramu 125.
- Fimbo ya ufagio na viti viwili. Fimbo italala juu ya viti na jiwe litaning'inia hapo. Mkono wa mtu hutetemeka, na mizani husoma mtetemo huo.

Mizani ya jikoni haipendi maji, kwa hiyo weka kitambaa pembeni. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, usiondoke ukaacha ndoo imejaa.

## Hatua ya 1: Fungua daftari la kani

Chora jiwe kama duara. Jiulize swali moja tu: ni nini kinaligusa? Kila kinacholigusa kinaweza kulisukuma au kulivuta. Ongeza na mvuto wa dunia, ambao hauhitaji kugusa.

Jiwe linaloning'inia hewani lina kani mbili: dunia inalivuta chini, mshipi unalivuta juu. Likizama huku linaning'inia, zinakuwa tatu: dunia chini, mshipi na maji juu. Likilala kwenye kitako cha beseni na mshipi umelegea, zinabaki tatu: dunia chini, maji na kitako juu.

Liandike kama daftari la duka, upande wa juu na upande wa chini. Kitu kikiwa kimetulia, jumla ya pande mbili lazima ilingane. Isipolingana, kuna kani umeisahau au kuna kipimo umekisoma vibaya. Hewa nayo husukuma kidogo, lakini kwa jiwe letu haifiki hata gramu moja, kwa hiyo tunaiacha.

Onyo: usichanganye gramu na nyutoni. Gramu ni tungamo, nyutoni ni kani. Kwa kazi hii kila gramu 100 huvutwa na dunia kwa karibu nyutoni 1.

## Hatua ya 2: Pima jiwe kavu

Lipime kwenye mizani ya jikoni, kisha liningʼinize kwenye mizani ya springi. Subiri liache kuzunguka na kuyumba. Likiyumba, mshipi unafanya kazi ya ziada ya kuligeuza njia, na kipimo hupanda na kushuka.

Tuchukue mfano wa jiwe la gramu 540. Mizani ya springi itasoma nyutoni 5.4. Mfano huu tutakwenda nao hadi mwisho. Wewe weka namba za jiwe lako.

Umefaulu kama: vipimo viwili vinakubaliana. Vikipishana, angalia kama springi inaanzia kwenye sifuri kabla ya kutundika kitu. Springi iliyochoka huanzia juu ya sifuri, na ikiwa hairekebishiki, toa hiyo ziada kwenye kila kipimo.

## Hatua ya 3: Tengeneza kopo la kumwagia

Hapa ndipo gramu 40 za watu wengi hupotelea, kwa hiyo usikimbie.

Kata chupa ya lita moja na nusu pale inapoanza kubana kuelekea mdomoni. Toboa tundu sentimita 3 chini ya ukingo, dogo kiasi kwamba mrija unaingia kwa kubanwa. Ingiza mrija sentimita moja tu ndani, na upande wa nje uuinamishe chini kidogo. Ziba kwa gundi na uiache ikauke kabisa.

Mrija ukilala sawasawa au ukiinama kuelekea ndani, maji hushikilia mdomo wake na kugoma kutoka mpaka yapande milimita kadhaa juu ya tundu. Katika kopo pana hivi, kila milimita moja ni zaidi ya gramu 5. Tone moja la sabuni ya maji hulegeza ngozi ya juu ya maji, nayo hutiririka na kukoma bila kusitasita.

Sasa jaza maji mpaka yaanze kumwagika. Yaache yamwagike bure. Usiweke kikombe mpaka tone la mwisho lianguke na kusipatikane lingine kwa nusu dakika. Anayejaza hadi "karibu na tundu" ameshaharibu jaribio: maji ya kwanza yatakayosukumwa na jiwe yatakwenda kujaza pengo, hayatafika kikombeni.

Umefaulu kama: ukimimina kijiko kimoja cha maji koponi, kijiko kimoja kinatoka.

## Hatua ya 4: Zamisha jiwe likiwa linaning'inia

Pima kikombe kitupu na ukiweke chini ya mrija. Shusha jiwe polepole. Likitumbukia, mawimbi yatarusha maji ya ziada nje. Lizame lote, lisiguse kuta wala kitako. Tikisa mshipi kidogo kuondoa mapovu yaliyoshika jiwe, maana kila povu ni kiboya kidogo.

Soma springi. Kwa mfano wetu itashuka kutoka 5.4 hadi 3.4. Kikombeni utakuta gramu 200 za maji.

Daftari linasema hivi. Chini: 5.4 za dunia. Juu: 3.4 za mshipi na 2.0 za maji. Uzito wa jiwe haujapungua hata kidogo. Dunia inalivuta vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mshipi umepata msaidizi. Na msaada huo ni sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa mahali pake.

Kwa nini? Kadiri unavyoshuka, shinikizo la maji huongezeka, hivyo upande wa chini wa kitu husukumwa kuliko wa juu. Chukua mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Shinikizo chini yake linazidi la juu kwa paskali 1000, na uso wake ni mita 0.01 za mraba. Zidisha: nyutoni 10. Mchemraba huo umeondoa lita moja ya maji, ambayo uzito wake ni nyutoni 10 zilezile.

Ndiyo maana kushusha jiwe zaidi hakubadilishi kitu baada ya kuzama lote. Shinikizo linaongezeka juu na chini kwa kiasi kilekile, na tofauti inabaki palepale. Jaribu: lishushe sentimita 3 zaidi, springi isicheze. Ikicheza, kuna sehemu ya jiwe ilikuwa bado nje au jiwe limegusa kitu.

Umefaulu kama: upungufu wa springi na maji ya kikombeni havipishani zaidi ya gramu 10. Springi yenyewe haisomi vizuri zaidi ya hapo.

## Hatua ya 5: Njia ya mizani ya jikoni

Naipenda hatua hii kuliko zote, kwa sababu haihitaji springi wala kopo, na inaonyesha kitu ambacho vitabu vingi hukipita haraka.

Weka beseni lenye lita moja na nusu ya maji juu ya mizani ya jikoni. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwenye fimbo ya ufagio na ulishushe mpaka lizame lote bila kugusa beseni. Kabla ya kuangalia mizani, andika unachotarajia.

Wengi huandika 0, kwa hoja kwamba jiwe limeshikwa na fimbo. Wengine huandika 540, kwa hoja kwamba jiwe limo ndani ya beseni. Mizani itasoma 200.

Maji yanalisukuma jiwe juu kwa nyutoni 2. Jiwe nalo linayasukuma maji chini kwa nyutoni 2. Kani hizi mbili huzaliwa pamoja, huwezi kupata moja bila nyingine. Ile ya kushuka haina pa kwenda ila kwenye kitako cha beseni, na kutoka hapo kwenye sahani ya mizani. Mizani haijui habari za jiwe. Imehisi nyutoni 2 zaidi, na kwa kuwa imetengenezwa kuandika gramu, inaandika 200.

Kwa hiyo kani ya maji umeisoma moja kwa moja, bila kumwaga tone. Na kwa kuwa gramu 200 za maji zina ujazo wa sentimita 200 za ujazo, densiti ya jiwe, yaani gramu zilizomo katika kila sentimita ya ujazo, inapatikana hapohapo: 540 gawanya kwa 200, yaani 2.7. Graniti hukaa karibu na namba hiyo.

Swali la kama pete ni ya dhahabu tupu huja kila mara. Njia ni hiihii, ila mizani ya jikoni haiwezi. Pete ya gramu 6 ya dhahabu tupu, yenye densiti ya 19.3, huondoa gramu 0.3 tu za maji. Utahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Usimtuhumu mtu kwa namba ya mizani ya jikoni.

Umefaulu kama: namba hii inalingana na maji ya kikombeni katika Hatua ya 4. Zikipishana, iamini hii; haina matone ya kupotea.

## Hatua ya 6: Ruhusu jiwe lifike chini

Badala ya fimbo, litundike jiwe kwenye mizani ya springi, huku beseni likibaki juu ya mizani ya jikoni. Shusha kidogokidogo na uandike vipimo vyote viwili kwa gramu.

Jiwe likiwa halijagusa: springi 340, jikoni 200. Likigusa na mshipi ukaanza kulegea, springi ikifika 140, jikoni itakuwa 400. Mshipi ukilegea kabisa: springi 0, jikoni 540.

Jumlisha kila mstari. Ni 540 daima. Mshipi unachokiachia, kitako cha beseni kinakipokea, gramu kwa gramu. Maji yanabaki na 200 zake muda wote. Hapo ndipo linapojibiwa lile swali la uzito umekwenda wapi: jiwe likiwa limelala chini, kitako kinalibeba kwa nyutoni 3.4 na maji kwa nyutoni 2.

Onyo: hili ni kweli kwa sababu maji yanapenya chini ya jiwe. Kitu bapa kilichogandamana na kitako pasipo maji chini yake hakipati msukumo ule. Manahodha wanalijua kwa njia yao: mashua iliyokaa kwenye tope wakati wa kupwa yaweza kung'ang'ania hata maji yakijaa kiasi cha kuielesha, mpaka itikiswe na maji yaingie chini.

Umefaulu kama: jumla inabaki ileile katika vituo vyote. Ikiruka kwenye kituo kimoja, jiwe lilikuwa linaegemea ukuta wa beseni au ulisoma kabla halijatulia.

## Hatua ya 7: Kitu kinachoelea

Tia mchanga mkavu kwenye chupa ya nusu lita mpaka chupa, kifuniko na mchanga vifike gramu 300. Ieleshe wima kwenye kopo la kumwagia, lililojazwa kama katika Hatua ya 3.

Daftari sasa lina mistari miwili: dunia chini kwa nyutoni 3, maji juu kwa nyutoni 3. Mshipi haupo. Kwa hiyo maji yatakayotoka lazima yawe gramu 300, na ndivyo yatakavyokuwa.

Usitumie mizani ya jikoni kuthibitisha hatua hii. Itasoma 300, ndiyo, lakini ingesoma 300 hata kama chupa ingezama, kama ulivyoona kwa jiwe lililolala chini. Kipimo kinachotoa jibu moja kwa hali mbili hakithibitishi chochote. Ushahidi uko kikombeni.

Kisha hamishia mchanga kwenye kifuko kidogo, ukifunge juu ya kifuniko cha chupa, na uieleshe chupa wima kwenye ndoo, ili mchanga uwe juu. Kani ni zilezile na zinalingana, lakini chupa inapinduka. Kulingana kwa ukubwa hakutoshi. Ikiinama kidogo, mvuto wa dunia na msukumo wa maji huacha kuwa kwenye mstari mmoja, na mzigo ukiwa juu mno, viwili hivyo huizungusha chupa kuelekea kuanguka badala ya kuirudisha. Abiria wanaposimama wote kwa pamoja ndani ya mtumbwi hawaongezi hata gramu moja, ila wanapandisha mzigo. Tafadhali wafundishe watoto jambo hili kwa chupa kabla hawajalikuta ziwani.

## Hatua ya 8: Maji ya chumvi

Wengi hufeli hapa kwa kutumia maji ya bahari. Maji hayo yana densiti ya karibu 1.025, na chupa yetu ya gramu 300 hupanda milimita mbili na ushei tu. Jicho halilioni kwa uhakika.

Rudisha mchanga ndani ya chupa. Ziba mrija wa kopo. Tia nusu lita ya maji matamu, elesha chupa na uweke alama kwa maka peni. Itoe, koroga chumvi gramu 125 mpaka iyeyuke yote, yaache maji yatulie, elesha tena. Densiti sasa ni karibu 1.15, na chupa inapanda zaidi ya sentimita moja.

Uzito wa chupa haujabadilika, kwa hiyo msukumo nao ni nyutoni 3 zilezile. Maji mazito yanautoa kwa ujazo mdogo. Kwa sababu hiyo meli huchorwa ubavuni mistari kadhaa ya kikomo cha shehena, na ule wa maji matamu uko juu ya ule wa bahari: ikipakiwa mtoni, itainuka ikifika chumvini.

## Hatua ya 9: Chelezo na jiwe la nanga

Wavuvi na wakulima wa mwani hufunga dumu tupu kwenye jiwe ili kuweka alama. Maji ya bamvua yakipanda na kamba ikawa fupi, dumu linavutwa chini lote, na jiwe linaondoka nalo.

Fanya hesabu kwanza. Dumu la lita 5 likizama lote husukumwa kwa nyutoni 50 hivi. Lenyewe lina uzito wa nyutoni 2. Zinabaki 48 zinazovuta jiwe juu. Jiwe la kilo 5 hewani ni nyutoni 50, na mtu anaona linatosha. Lakini ndani ya maji graniti huhitaji kushikwa kwa sehemu 340 tu za kila 540, kwa hiyo jiwe hilo linabaki na nyutoni 31. Halitoshi. Unahitaji angalau kilo 7.6.

Lijaribu kwenye ndoo. Chukua chupa ya pili ya nusu lita, tupu, ikiwa na kifuniko. Ikizama yote itavuta juu kwa karibu nyutoni 5. Ifunge kwa mshipi mfupi kwenye jiwe letu la nyutoni 3.4 majini: itaelea na kulining'iniza jiwe chini yake.

Sasa tia maji ndani ya chupa, gramu 20 kwa wakati. Daftari linatabiri kwamba jiwe litakaa chini ukipita gramu 160, kwa kuwa 5 toa 1.6 ni 3.4. Chupa hutofautiana kidogo, kwa hiyo kati ya gramu 140 na 180 umefaulu.

Kwa dumu la baharini, hiyo kilo 7.6 ni ya maji yaliyotulia. Mawimbi na mkondo huvuta kamba kwa pembeni na kwa mishtuko, na maji ya chumvi yanasukuma zaidi kidogo. Tafuta jiwe la kilo 15 au zaidi, na kamba iwe ndefu kupita kina cha bamvua.